Nani anajibu juu ya chupa?

Katika Bushi letu, mwenye kasiksi hakuileta mbele ya wageni bila kuionja yeye mwenyewe kwanza. Alikunywa kidogo mbele ya macho ya wote, ndipo kibuyu kikazunguka. Vijana wa leo wanafikiri ilikuwa ni juu ya woga wa sumu tu. Sumu ilikuwemo ndani ya mawazo hayo, hatukatai. Lakini kuonja kulikuwa pia ni kusema: hii pombe iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Mkigombana usiku, mtu akianguka njiani, nyumba yangu mnaijua.

Tunaanzia hapo kwani swali letu ni hili: mwenye kuuza pombe kali ya kutoka mbali, whisky, waragi, jini ya vichupa vidogo, yeye anajibu kwa nani? Ukimuuliza mchuruzi, hapa Walungu-centre ama kwenye soko la Mugogo, jibu ni karibu moja tu: “Mwalimu, miye niko na patenti, nililipa taksi yote. Mwenye kunywa mupaka kuanguka, ile ni mambo yake.”

Jibu hilo tusilicheke. Pombe kali ni mali inayofuatwa sana na sheria. Ikipita kwa njia ya haki, DGDA inatoza ushuru wa dwane na ule wa pekee wa pombe, OCC inapima kama mali ni nzuri, halafu kunabaki patenti na taksi za hapa na pale. Anayelipa yote hayo, huku jirani yake anavusha mali usiku bila kulipa kitu, ana haki ya kujiona mtu mwema. Na kazi ya OCC si ndogo, maana chupa yenye pombe ya uongo inaweza kupofusha mtu ama kumuua.

Lakini tuangalie vizuri zile karatasi zinauliza nini. Zinauliza: imelipiwa? Ni ya kweli? Imetoka wapi? Hakuna hata moja inayouliza: nani anakuja kuinywa, na ana miaka mingapi? Karatasi inajibu mbele ya wakubwa, haijibu mbele ya mnywaji. Mwezi wa pili 2025, M23 ilipochukua Bukavu, mkono wa kupokea taksi ulibadilika. Pombe ndani ya chupa haikubadilika. Kama usafi wa mchuruzi uko ndani ya karatasi tu, basi siku ile ulihamia wapi?

Watu wetu wana sababu ya kutopenda sheria za pombe. Mwaka 1890, kwenye mkutano wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kufunga njia ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, kwa mapatano ya Saint-Germain, wakarudilia katazo hilo kwa nguvu zaidi. Katika Congo ya Wabelgiji, kwa miaka mingi, mzungu alikunywa konyaki yake kwenye baraza na boi aliyemletea gilasi alikatazwa kuionja. Walisema ni kwa kulinda afya ya mweusi. Labda wengine kati yao walikuwa wakweli. Lakini sheria inayoangalia ngozi inafundisha mambo mawili mabaya: kwamba sheria ni adui, na kwamba chupa ya kizungu ni ukubwa.

Somo hilo la pili tungali tunalishika. Angalieni siku ya mahari. Ng'ombe zinahesabiwa, kasiksi inaletwa kama zamani, halafu upande wa baba ya binti unauliza: whisky iko wapi? Mkwe asiye na chupa hiyo anaonekana kama hakuheshimu wakwe. Hakuna mzee mmoja anayeweza kutuambia desturi hiyo aliipata kwa babu gani! Na ile chupa, nani anaionja kwanza? Inafunguliwa tu, kila mtu ananyoosha gilasi.

Tusidanganye kwamba ubaya wote unatoka nje. Kanyanga inapikwa na ndugu zetu wenyewe, na tumezika watu juu yake. Kumjua mpishi peke yake hakutoshi. Lakini mpishi wa kanyanga anaweza kuitwa mbele ya wazee, na anaogopa. Mwenye kiwanda cha mbali haitwi. Anayebaki karibu ni mchuruzi, na yeye anatuonyesha patenti.

Majirani wetu walijaribu kushika kitu ambacho patenti haikishiki. Tanzania ilikataza viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda nayo ikaondoa vifuko vyake mwaka 2019. Hawakukataza pombe kali. Walikataza kipimo kinachoingia ndani ya mfuko wa mwanafunzi kwa bei ya mkate. Kwa maoni yetu walielewa vizuri: ubaya mara nyingi si kinywaji, ni jinsi kinavyokatwa vipande mpaka mtoto akifikie.

Sasa, mama mwenye meza ya vichupa kwenye mlango wa soko, yeye tumwambie nini? Kuuza kasiksi? Mnyauko ulikausha migomba kwa wengi, na ndizi za kukamua hazipatikani kama zamani. Anayo makuta ya kununua katoni moja, anauza kichupa kwa kichupa, jioni anahesabu faida yake, halafu mtoto wake analeta masomoni pesa ya trimestri. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, ya sekondari hapana. Sehemu ya pesa hiyo inakuja kwetu sisi walimu, inaitwa prime. Kwa hiyo tukienda kwa huyo mama kumuuliza anajibu kwa nani, yeye naye ana haki ya kutuuliza mshahara wetu umetoka kwenye chupa ngapi.

Kitu kimoja tulimuomba, wala hakikutaka patenti mpya: mtoto mwenye nguo ya shule asimuuzie, hata akisema ametumwa na baba. Alitujibu, “Sawa, mwalimu, miye nitakatala. Na ule wa meza ya pili?” Tukaenda kwenye meza ya pili.