Safari ya Fungate: Haki ya Wawili au Ubinafsi?



Huku Kakamega misimu ya harusi inajulikana. Mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na ndugu wa mijini wamerudi nyumbani, karibu kila Jumamosi husikika honi na vigelegele barabarani. Kamati za harusi hukutana wiki baada ya wiki, daftari la michango mkononi. Hema, chakula, magari, mavazi, yote hujadiliwa mbele ya watu. Lakini lipo jambo moja ambalo wachumba wengi hulipanga kwa sauti ya chini: safari ya fungate.

Wengi waliridhika na siku mbili tatu katika hoteli moja ya Kisumu. Sasa wapo wanaotamani safari ya gari yenye vituo vingi: leo kulala hapa, kesho kule, keshokutwa mbele zaidi. Wameona picha za maarusi wanaozunguka vijiji vya mizabibu nchini Ufaransa, nao wamejiuliza, "Kwa nini si sisi?"

Hatuna ugomvi na safari. Swali letu leo ni la dhamiri. Je, ni haki watu wawili kutumia fedha nyingi kwa furaha yao peke yao, hali nyumbani kuna mdogo ambaye hajalipiwa karo na mama ambaye paa lake linavuja? Au huo ni ubinafsi tu uliovishwa nguo nyeupe?

Fungate maana yake nini?

Tuanze na neno lenyewe. Fungate ni neno la kale la Kiswahili lenye maana ya siku saba. Ndizo siku saba za kwanza baada ya harusi, ambapo kwa desturi ya pwani maarusi walikaa pamoja, na chakula chao kililetwa kutoka kwa wazazi wa bibi arusi. Basi anayedhani kwamba fungate ni tabia ya kigeni amekosea. Waliotutangulia walijua kwamba watu wawili wanaoanza maisha mapya wanahitaji muda wao, bila kuitwa huku na huko.

Hata katika Biblia jambo hili limo. Sheria katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ilimwachilia mume mpya asiende vitani kwa mwaka mzima, ili akae nyumbani na kumfurahisha mke wake. Fikiria uzito wake: taifa lenye maadui lilikubali kupungukiwa na askari ili nyumba moja changa ipate kusimama.

Lakini tazama pia upande wa pili. Katika fungate ile ya pwani, maarusi walipewa faragha, ila hawakuwa wamejificha. Waliowapikia walijua walipo, na wao walijua chakula kimetoka kwa nani. Faragha na shukrani zilikwenda pamoja.

Hoja mbili, kila moja na nusu ya ukweli

Wazee wengine husema, "Mkiwa na fedha za kuzunguka, mna fedha za karo." Wana nusu ya ukweli. Ndoa kwetu haijawahi kuwa ya watu wawili tu. Aliyeuza kuku wake ili atoe mchango ana haki ya kuuliza mchango ulikwenda wapi. Kama fedha zilitolewa kwa ajili ya karamu na zikabaki, si za maarusi kuzihamishia kwenye mafuta ya gari kimya kimya. Zitajwe mbele ya kamati, na kamati ikiwapa, wazipokee kwa shukrani. Fedha iliyoombwa kwa kazi moja na kutumiwa kwa kazi nyingine imebeba uongo ndani yake, hata kama aliyeitumia ni bwana arusi.

Ila nusu ya pili ya hoja hiyo haisimami. Kama furaha ni lazima ingoje hadi shida zote za ukoo ziishe, hakuna atakayefurahi maishani. Karo ikilipwa, utakuja ugonjwa. Ugonjwa ukipona, yatakuja matanga. Katika Kana ya Galilaya pia walikuwako maskini, lakini Bwana wetu hakuwakemea wenye harusi kwa kunywa divai. Ilipowaishia, aliwaongezea.

Vijana nao husema, "Fedha ni zetu, maisha ni yetu." Nao wana nusu. Walichokichuma kwa jasho na kukiweka akiba kwa ajili ya siku hizo wanaweza kukitumia bila kuomba radhi. Nusu inayowapungukia ni hii: neno "zetu" lina watu wawili ndani yake. Na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Zawadi inayolipwa na anayepewa

Tuchukue mfano. Kijana ni mwalimu, mchumba wake ni muuguzi. Kijana anataka kumshangaza mkewe kwa safari ya wiki nzima hadi Naivasha. Anachukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, utakaokatwa kwenye mshahara wake mwaka mzima, wala hamwambii mchumba neno. Anakodi gari zuri. Safari inakuwa tamu kweli. Bibi arusi analia kwa furaha.

Mwezi wa pili mshahara unakuja umekatwa. Kodi ya nyumba inalipwa na mke. Unga unanunuliwa na mke. Mwezi wa tatu anauliza, naye mume anafoka. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kosa liko wapi? Watu watasema kosa ni kukopa. Kukopa si dhambi, na wengi wamejenga kwa mikopo. Kosa ni kwamba aliyepewa zawadi ndiye aliyeilipa, na hakuulizwa. Tangu siku ya kiapo, mfuko wa mmoja ukitoboka, nyumba nzima inavuja. Kwa hiyo safari iliyolipiwa kwa deni la siri si zawadi. Ni ununuzi uliofanywa kwa jina la mwenzako bila idhini yake. Laiti angeulizwa, huenda yule muuguzi angesema, "Twende usiku mbili tu, zinazobaki tununue kitanda." Au huenda angesema, "Twende kote, mimi nitaongeza." Majibu yote mawili yangekuwa ya upendo. Alinyang'anywa nafasi ya kuyatoa.

Ndiyo maana tunasema kwamba kupanga safari ya fungate ni bajeti ya kwanza ya nyumba yenu. Ipangeni wawili, kwa kalamu na karatasi, kabla ya harusi.

Njia yenyewe

Sasa tuipange. Kutoka Kakamega si lazima kwenda mbali ndipo muone uzuri. Siku ya kwanza msisafiri sana, kwa sababu baada ya harusi mwili umechoka. Laleni karibu na msitu wa Kakamega, kipande kilichobaki cha msitu wa mvua uliowahi kuenea hadi Kongo. Wengi wetu tumekulia kando yake bila kuingia. Asubuhi pandeni kilima cha Lirhanda, upande wa Isecheno, mkaone jua likichomoza juu ya miti, na mbega wakirukaruka matawini.

Mkielekea Kisumu mtapita Ilesi, lilipo Jiwe Linalolia. Wenyeji husimulia kwamba ni binti aliyempenda mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, akageuka jiwe, na machozi yake hayajakauka. Simameni hapo kidogo. Kila ndoa ina mtu aliyeipinga au aliyeumia, na ni vema wawili wazungumze habari zake wangali na amani.

Kisumu ni kama kilomita 50 kutoka Kakamega. Huko mna ziwa, samaki na machweo ya jua pale Dunga. Kilomita 80 hivi mbele ni Kericho, penye majani ya chai hadi macho yachoke, na mvua ya alasiri. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililotabarukiwa huko mwaka 2015 linafaa kutembelewa hata na asiyejua lolote kuhusu ujenzi. Kutoka Kericho hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 100. Piteni mchana, kwa kuwa mteremko wa Salgaa umeua watu wengi. Nakuru kuna ziwa na vifaru. Kilomita 70 mbele ni Naivasha, na karibu yake mbuga ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambako mnaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia. Na anayetamani mizabibu, Naivasha nako imo, na divai yake imepewa jina la leleshwa, kichaka cha Bonde la Ufa. Ila atakayeshika usukani asionje.

Vituo vingapi?

Hesabuni: ni kama kilomita 300 kwenda, na 300 kurudi. Vituo ni vitano. Kwa siku saba vinawezekana, lakini kila siku mtakuwa mnafunga mizigo. Hapo turudi Ufaransa kidogo, tupate funzo.

Katika jimbo la Alsace, mashariki ya nchi hiyo, kuna njia iliyofunguliwa mwaka 1953 kwa ajili ya wageni wanaotembelea mashamba ya mizabibu. Inaanzia Marlenheim hadi Thann, kilomita 170 tu. Dereva mwenye haraka angeimaliza kwa siku moja. Lakini wanaoijua huikalia siku nyingi, kwa maana kijiji hadi kijiji ni mwendo mfupi, na uzuri wake uko katika kusimama. Mzabibu wenyewe hauna haraka: ukipandwa leo, utangoja miaka mitatu hivi kabla ya kuvuna zabibu za divai. Mchai wa Kericho nao huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuchumwa vema. Ndoa haitofautiani nao. Fungate si siku ya mavuno bali ni siku ya kupanda.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mkiwa na siku saba, chagueni vituo vitatu. Kimoja achague mume, kimoja mke, na cha tatu mkubaliane. Mtajifunza mengi katika hicho cha tatu. Anayekubali haraka mno ili kuepuka ugomvi, na anayeshikilia lake hadi mwenzake achoke, wote wawili watajulikana hapo, kabla jambo kubwa zaidi halijafika mezani.

Na mjipime kwa maswali matatu. La kwanza: tungekwenda hata kama hakuna mtu atakayeona picha zetu? Kama jibu ni hapana, safari hiyo ni ya majirani, si yenu. La pili: tunaweza kumtajia mama bei yake bila kuinamisha macho? Si kwamba mama ndiye wa kutoa ruhusa, lakini jambo unaloona haya kumtajia akupendaye lina kasoro, ama katika bei ama katika moyo wako. La tatu: mwezi mmoja baada ya kurudi, ni nani atakayekosa kitu kwa sababu yetu? Mkiona ni mdogo wenu aliyeahidiwa karo, ahadi hiyo ilitangulia. Punguzeni kituo kimoja, ahadi itimizwe. Lakini kama hamkumwahidi mtu, msijitwike hatia ya dunia nzima.

Siku ya kurudi

Katika Kitabu cha Tobiti, Tobia alimwoa Sara mbali na kwao, na karamu ikaendelea siku kumi na nne. Wakati huo nyumbani baba yake alikuwa anahesabu siku, na mama yake alikuwa anakwenda kuitazama njia, akiamini mwanawe amekufa. Tobia hakukatisha karamu, lakini karamu ilipokwisha alikataa kubakizwa, kwa kuwa alijua kuna wanaomngoja.

Fanyeni hivyo. Kabla ya kuondoka, waambieni wazazi wa pande zote mbili siku mtakayorudi, na mrudi siku hiyo. Mkirudi, msipitilize nyumba yenu ya kupanga mjini bila kuwaamkia. Chukueni majani ya chai ya Kericho, hata kilo moja, mwapelekee. Mama mkwe aliyeogopa kwamba amempoteza mwana ataipika chai hiyo, atakaa nanyi, na atauliza mlikopita. Msimulieni.

Basi, wapenzi wachumba, kama mna akiba yenu, kama mmepanga wawili bila siri, kama hakuna ahadi mliyoivunja, nendeni kwa moyo mweupe. Huo si ubinafsi. Nyumba ambayo wenyewe wanafurahiana huwafaa hata wasio wa nyumba hiyo. Na kama fedha hazijatosha mwaka huu, laleni usiku mbili kando ya msitu wetu hapa, mzime simu, na kilima cha Lirhanda kitawatosha.