Je, Ukame Ndio Uletao Vita?



Juzi nalikaa na watu wachache chini ya mti hapa Kambarage, tukizungumza habari za mvua iliyokawia. Mmoja wetu, mzee mwenye heshima, akatamka neno juu ya nchi ya Somalia: "Nchi isiyo na maji huzaa watu wakali. Wafanyeje?" Wote wakaitikia, nami nikaitikia, kwa maana neno lenyewe lilionekana kuwa la huruma. Lakini usiku likanisumbua. Je, ni huruma kweli, au ni uvivu wa kufikiri?

Kwanza, mambo yenyewe hayakubali. Mwaka 1994 mto Kagera uliteremsha maiti hata ziwani kwetu, nazo zilitoka Rwanda, nchi ya mvua na migomba. Tena kaskazini ya Somalia ni kukavu sana, lakini mwaka 1993 wazee wa koo walikaa miezi kadhaa katika mji wa Borama, wakashauriana hata wakapatana jinsi ya kutawaliwa. Hawakungoja mvua iongezeke ndipo wapatane.

Kisha tuitazame njaa ya mwaka 1992. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na wenye bunduki wakagombea nchi. Mtu angedhani njaa iliwaua hasa wafugaji wa jangwani. Sivyo. Iliwaangamiza zaidi wakulima wa Baidoa na wa nchi iliyo kati ya mito miwili, Juba na Shabelle, yaani nchi ilimwayo mtama kuliko pande nyingine. Majeshi yalipita huku na huku, yakafukua mashimo ya nafaka, yakachukua ng'ombe. Ukame ulikuwapo, sikatai. Lakini mwenye akiba alikufa kwa kuwa alikuwa na akiba na hakuwa na mlinzi.

Kando ya Juba waliishi pia watu ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pande zetu, Wazigua miongoni mwao. Hata leo wako wasemao Kizigua. Hao nao walinyang'anywa na kuuawa, maana koo kubwa hazikuwahesabu kuwa wenzao. Baadhi yao walikimbilia Tanga, wakapewa makao Chogo, na wengine wakapata uraia wa Tanzania. Basi asemaye kwamba nchi kame huzaa ukali huwaondolea wanyang'anyi hatia yao, na walionyang'anywa huwachanganya nao katika jina moja.

Nilipofika hapo nalidhani nimekwisha kumshinda yule mzee. Ndipo nikakumbuka habari za kwetu. Mtaalamu wa uchumi, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 vya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati ule katika mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2005 akatangaza aliyoyaona. Katika miaka ya mvua mbaya, iwe ukame, iwe mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka maradufu. Mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao wenyewe.

Kumbe ukame una neno lake, na mzee yule hakukosea kabisa. Lakini angalieni: haukumpata mtu yeyote tu. Ulimfuata yule ambaye, hata kabla mvua haijakosekana, alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mzigo. Asemwaye kwa macho yake mekundu, ambayo labda aliyapata kwa moshi wa samadi akiwapikia wanawe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Juba pia. Mvua ilipokoma, hukumu ilikuwa imekwisha kukatwa zamani, katika maneno ya kila siku ya watu wasiojiona kuwa wakali.

Nikarudi kwa wale wenzangu nikawaeleza haya. Walisikiliza kwa adabu. Mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na hapa kwetu, mvua ikizidi kukawia, nani atasemwa kwanza?"

Hakuna aliyejibu. Nami naliona ya kuwa jina nalijua, na wao walilijua.