Kosa la Mbwa Mmoja

Julai 2022, nchini Qatar, wanaume wenye bunduki waliingia katika ua wa kiwanda wakawapiga risasi na kuwaua mbwa 29, wadogo kwa wakubwa. Kikundi cha kuokoa wanyama cha PAWS Rescue Qatar kilieleza kwamba mbwa wale walikuwa wamehasiwa, wakilishwa na watu wa pale na kuwazoea. Walinzi walijaribu kuwazuia wenye bunduki, kisha wakaona kwamba roho zao wenyewe zimo hatarini. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: mtoto wa mmoja wa wale wanaume aliumwa na mbwa.

Mbwa yupi? Hakuna aliyesubiri kujua.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na kwenye tenga la mvuvi ni kweli, maana uozo huambukiza. Ukali wa mbwa mmoja hauambukizi wenzake. Kinachoambukiza ni kichaa cha mbwa, na kinga yake ni chanjo.

Anayeishi Industrial Area ya Doha anawajua mbwa wa namna hiyo. Katika mitaa ile inayoitwa kwa namba, baina ya gereji, maghala na kambi za wafanyakazi, mbwa hujilaza chini ya malori jua likiwaka, na usiku husogea karibu na kibanda cha mlinzi. Mlinzi mara nyingi ni Mkenya au Mganda. Humwekea mbwa wali uliobaki, naye hubweka mgeni akikaribia geti. Miezi ikipita, mlinzi anajua yupi mwoga, yupi mchokozi, yupi hataki kuguswa akiwa anakula. Ukitaka kumjua mbwa aliyeuma, huyo ndiye mtu wa kuuliza kwanza.

Duniani kote, mbwa aliyebebeshwa zaidi makosa ya wenzake ni pitbull. Qatar hairuhusu waingizwe nchini, na Uingereza iliwapiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1991. Hofu hiyo ina chanzo: pitbull ana nguvu, na akiuma huacha jeraha kubwa. Lakini ile habari kwamba taya zake zikibana hujifunga kama kufuli ni uzushi. Na mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 ulioonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Virginia, Marekani. Mwaka 2007 serikali iliwachukua pitbull wapatao 50 kutoka nyumba ya mchezaji maarufu Michael Vick, walikofugwa ili wapiganishwe. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalishauri wauawe wote. Wataalamu wakawapima mmoja mmoja, na aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja tu. Wengi walipata makao. Mmoja wao, Jonny Justice, akawa analala maktabani watoto wakimsomea vitabu.

Mbwa, kama mtoto, umleavyo ndivyo akuavyo. Anayemfunga mnyororo mchana kutwa, akamnyima chakula na kumpiga ili apate cha kuandika "Mbwa Kali" getini, anamwandalia jirani yake msiba. Siku mbwa huyo atakapouma, wa kuulizwa kwanza awe mwenyewe.

Basi mbwa akiuma, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Mbwa aliyeuma atafutwe, ashikwe na wanaojua kazi hiyo, achunguzwe. Waliobaki wachanjwe na kuhasiwa.

Kuwaua wote hakumlindi mtoto. Mbwa waliochanjwa na kuzoeleka wakiondolewa, chakula na kivuli chao huchukuliwa na mbwa wageni ambao hakuna anayewajua wala aliyewachanja. Baba mwenye uchungu wa mwanawe anastahili kuhurumiwa na kusaidiwa. Akishika bunduki badala ya kuuliza ni mbwa yupi, huenda aliyeuma akabaki hai, na watoto wa mtaa mzima wakawa hatarini zaidi kuliko jana.