Unga wa Haraka

Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, upande wa pili wa milima ya Ruwenzori kutoka kwetu Kongo, watu walikusanyika msibani wakapikiwa bugali wa muhogo. Hazikupita saa nyingi, wakaanza kutapika na kukatwa na tumbo. Nyumba nyingine zilizopika unga kama huo nazo zikaugua. Wagonjwa walifika 98, wawili wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda unga ulitokana na muhogo wa mwitu, wenye sumu nyingi.

Sumu hiyo ni sianidi. Ndani ya kiazi imefungwa pamoja na sukari. Muhogo ukikunwa, au ukilainika majini, inafunguka na kutoka na maji na hewa. Ndiyo maana anayekamua wanga kwa njia iliyo sahihi yuko salama: anakuna, anaosha kwa maji mengi, anachuja, anaacha wanga utuame, kisha anamwaga maji ya juu mbali na mbuzi na kuku. Anayetaka unga wa bugali aroweshe siku 3 au 4, mpaka muhogo umegeke mkononi. Vipande vigumu vilivyoanikwa juani tu hubaki na sumu nyingi.

Mama zetu wa Kibabi wanajua haya yote. Lakini huku kwetu Kivu ya Kaskazini, katika Masisi na Walikale, vita huwafukuza watu shambani, na mama anayerudi na watoto wenye njaa hana siku 3 za kungoja. Burhinyi, Kivu ya Kusini, konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, ilitokea katika miaka ya vita namna hiyo: miguu miwili inakakamaa ghafla, na haiponi tena. Daktari Trolli aliieleza huko Kwango, magharibi mwa Kongo, tangu 1938. Huwapata zaidi wanawake na watoto. Mwili huhitaji protini ya maharagwe, samaki au nyama ili kuizima sumu, na katika nyumba nyingi kipande cha samaki humwendea baba. Hilo linanichoma kuliko vita, kwa sababu tunaweza kulibadilisha leo jioni.

Na unga wa sokoni usioujua ulivyoroweshwa? Akina mama wa Popokabaka, huko huko Kwango, walifundishwa kuuchanganya na maji, kuutandaza mwembamba kivulini kwa saa 5, sumu ikatoka na hewa. Upikwe siku hiyo hiyo, uliwe kwa maharagwe, na watoto wapakuliwe kwanza.