Mbwa wa Jirani: Nani Abebe Mzigo wa Hofu Yetu?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 21:28–36, Mathayo 18:15–17, Warumi 12:18, 1 Wakorintho 10:23–24



Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo mimi sijawahi kulisikia likihubiriwa madhabahuni: mbwa wa jirani. Usicheke. Tumeombea mataifa, tumeombea serikali, tumeombea mvua. Lakini saa nane za usiku mbwa wa jirani akianza, maneno yanayotoka mdomoni mwa mtu aliyeokoka ni mengine kabisa.

Swali lenyewe ni hili. Jirani yako anafuga mbwa mkali, anayebweka usiku kucha na kurukia watu njiani. Je, uvumilie kwa sababu umeitwa kuwa mpole? Umpeleke kwa chifu kwa sababu sheria ipo? Ama umalize mambo kimyakimya, kama wengine wanavyofanya, kwa kipande cha nyama yenye sumu?

Hili la mwisho nalitoa mezani mapema. Sumu iliyotupwa njiani haichagui. Inaweza kuokotwa na paka wa mama wa watu, ama na mtoto. Na hata ikimpata mbwa peke yake, umemuua mnyama ambaye kosa lake ni kufanya kazi aliyofundishwa, na umemfanyia jirani yako usiku jambo ambalo huwezi kumwambia mchana. Mkristo asifanye jambo la namna hiyo. Tubaki na yale maswali mawili ya kwanza.

Hapa kwetu mbwa ana uzito mwingine

Ninaishi Tarbaj, kwenye barabara ile ya kutoka Wajir kwenda Mandera. Wenyeji ni ndugu zetu Wasomali, Waislamu. Sisi wa kanisa ni wachache: walimu, wauguzi, askari, mafundi, watu tuliotoka mbali kutafuta kazi. Mpaka leo utamsikia mzee hapa akipanda basi la Nairobi akisema anakwenda "Kenya".

Ukiwa Kiambu ama Kakamega, mbwa wa jirani ni kelele tu. Kila boma lina wake. Hapa ploti yenye mbwa inajulikana mtaa mzima, na mwenye mbwa anajulikana kuwa ni "mmoja wa wale wa kanisa". Akibweka, ni kama anabweka kwa jina letu sote.

Tena kwa jirani Mwislamu jambo halikomei kwenye usingizi. Wenyeji wa hapa wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwa mafundisho hayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Dini yao inawaruhusu kufuga mbwa wa kulinda mali na mifugo, kwa hiyo tusiseme ati wao wanachukia mbwa tu. Lakini mbwa akimrukia mzee anayekwenda msikitini alfajiri, mate yakagusa kanzu yake, mzee huyo lazima arudi nyumbani kujisafisha. Kelele zilizokuamsha wewe zimemchelewesha yeye kwenye sala.

Kunyamaza si amani

Jirani yangu wa karibu ni mwalimu, naye ametoka mbali kama mimi. Alileta mbwa akiwa mdogo, na mbwa akakua. Ikafika mahali watoto wa duksi wakawa wanazunguka njia ndefu asubuhi. Siku moja punda wa mama mmoja muuza maji alishtuka, mkokoteni ukapinduka, mitungi ikamwagika. Anayejua Tarbaj wakati wa kiangazi anajua kumwaga maji ni nini. Yule mama hakusema neno. Aliokota mitungi yake akaenda.

Wengi tuliona huo ni uvumilivu. Lakini soma Kutoka 21 polepole. Sheria ya Musa inazungumzia ng'ombe anayepiga watu pembe. Akiua mara ya kwanza, bila mwenyewe kujua tabia yake, ng'ombe anaadhibiwa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe alionywa asimfunge, hapo hatia inamfuata mwenye ng'ombe. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti moja tu: kuonywa.

Kwa hiyo anayenyamaza hamsaidii jirani. Anamwacha gizani mpaka siku mtoto ameumwa, halafu wote wanasema, "Tulijua tu." Kama tulijua, mbona hatukumwambia? Upendo unaomwachia mtu aanguke kwenye shimo ambalo wewe uliliona jana, huo ni upendo gani?

Lakini kuonya nako kuna njia yake. Mathayo 18 inaanza na watu wawili peke yao. Haianzi na kundi la WhatsApp la ploti. Haianzi na chifu, wala na kutajwa mtu kwenye maombi ya ushirika kwa mafumbo ambayo kila mmoja anayaelewa. Na kitabu cha Mithali, sura ya 26, kinamfananisha anayeingilia ugomvi usiomhusu na mtu anayekamata mbwa masikioni. Ukishamshika, kumwachilia ni shida na kuendelea kumshika ni shida. Ndiyo maana ni vizuri aende yule anayehusika, aende mapema, kabla hasira haijaiva.

Sikiliza kilicho nyuma ya kelele

Nilikwenda kwake saa kumi jioni, saa ya chai, wala si usiku nikiwa nimekasirika. Nilimwambia niliyoyaona: watoto, punda, usingizi. Sikumwambia yeye ni mtu wa namna gani. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mzee, mimi nisipomsikia huyu akibweka, silali."

Hapo nikaelewa kwamba kelele zinazoninyima mimi usingizi ndizo zinazompa yeye wake.

Na hofu yake si ya kudharau. Sote tunakumbuka. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2018, walimu wawili waliotoka nje ya eneo hili na mke wa mmoja wao waliuawa Qarsa, humu humu Wajir, na walimu wengi wakaondoka kaunti hii. Desemba 2019, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa sehemu za Kotulo, jirani na sisi hapa. Mtu aliyeacha familia yake mbali, analala peke yake kwenye chumba cha mabati, akifuga mbwa, usimhukumu haraka.

Ndugu mmoja kwenye ushirika aliniuliza, "Kama mbwa anaweza kuokoa uhai wa mtu mmoja, kelele ni nini?" Ni swali zito, nami silitupi. Jibu langu ni hili: fuga mbwa. Ni halali. Lakini anayepata usalama ndiye alipe gharama yake. Ile sheria ya ng'ombe inafundisha hivyo hivyo. Faida ya ng'ombe ni yako, basi na pembe zake ni zako. Haifai mimi nipate usingizi, na bei yake ilipwe na mtoto wa duksi na mama wa mkokoteni, watu ambao hata hawakuulizwa. Paulo alipowaandikia Wakorintho alikubali kwamba mambo mengi ni halali, kisha akawageuza watazame faida ya mwenzao.

Mlinzi wetu hapa ni nani?

Kuna jambo lingine ambalo mwenye mbwa huenda hajaliona. Mbwa anayebwekea kila mtu halindi. Isaya 56 inalaumu mbwa bubu, wasioweza kubweka hatari inapokuja. Lakini anayebwekea punda, upepo na mwezi, naye amekuwa bubu kwa njia nyingine, maanake siku ya hatari hakuna atakayetoka kuangalia.

Tena mbwa mkali langoni anafukuza wageni. Hapa Tarbaj watu hupita kusalimiana, huleta maziwa, huleta habari. Anayepita kwako ndiye atakayekuambia kwamba ameona sura ngeni, kwamba leo usisafiri. Ukimfukuza huyo kwa mbwa, umepoteza mlinzi mkubwa zaidi. Serikali yenyewe ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, hoja ilikuwa hiyo hiyo: usalama unaanza kwa majirani kujuana.

Mkumbuke mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililovamiwa likielekea Mandera. Washambuliaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa Wakristo vitambaa vya kujifunika. Salah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Siku ile hapakuwa na mbwa wala geti ndani ya basi. Palikuwa na jirani. Alikuwa Mwislamu, akalipa kwa uhai wake ili watu wa imani yetu waishi. Baada ya hapo, mimi na wewe tutashindwa kumfunga mbwa ili mtoto wa watu apite?

Basi tufanye nini?

Mimi na mwalimu tulikubaliana mambo machache, nami nayatoa kwenu kama ushauri.

Mchana mbwa afungwe nyuma ya nyumba kwa kamba ndefu ya kutosha, kwenye kivuli, na maji yawepo. Afunguliwe usiku tu, geti likiwa limefungwa. Uzio uliokuwa wazi uzibwe kwa mabati ama magunia, asiwe anamwona kila anayepita. Apewe chakula jioni, maana mbwa mwenye njaa halali, na asipolala yeye hulali wewe. Mwenyewe akisafiri, aache mtu wa kumwangalia.

Achanjwe. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndiyo pa kuulizia. Kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mtu hufa. Ndiyo sababu Kenya iliweka mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo hivyo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Na yule mama wa mkokoteni? Mwalimu mwenyewe alimwendea, akamlipa maji yake. Hilo sikumshauri mimi, aliliona mwenyewe. Tangu siku ile mama humsimamia getini kumuuzia mtungi.

Siwadanganyi kwamba kubweka kumeisha. Kumepungua. Kuna usiku bado naamka, na nikiamka namwombea mwalimu, maana sasa najua ni nini kinachomtia wasiwasi.

Kama jirani amekataa kusikia, nenda tena na mashahidi wawili, ikiwezekana mmoja awe mzee wa mtaa. Akikataa tena, kwenda kwa chifu si dhambi. Kuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Paulo anatuambia tuishi kwa amani na watu kwa kadiri inavyowezekana upande wetu. Maana yake kuna upande ambao si wetu. Lakini tuwe tumemaliza wetu kwanza.

Neno moja la mwisho kwa kanisa. Mithali 27 inamtaja mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa asubuhi na mapema, na baraka yake ikahesabiwa kuwa laana. Kanuni ile ile tunayomdai mwenye mbwa inatuhusu na sisi siku ya kesha, spika zikiwa zimeelekezwa mtaani. Mungu wetu si kiziwi, na mtoto wa jirani ana shule kesho.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani unalofanya kwa ajili ya usalama au raha yako, ambalo gharama yake inabebwa na jirani?
2. Kuna jirani ambaye umemnyamazia ukaita amani? Utakwenda kwake lini, na utaanza na neno gani?
3. Ni nani mtaani kwenu anaumia bila kulalamika?

Tuombe

Baba, unazijua hofu zetu na usiku wetu. Tupe ujasiri wa kusema na jirani kabla ya kusema juu yake. Tufundishe kubeba gharama ya usalama wetu wenyewe. Walinde walimu, wauguzi na askari walio mbali na nyumbani, na ubariki kila mlango wa mtaa huu, ulio wa imani yetu na usio wa imani yetu. Katika jina la Yesu, amina.