Kabla ya Nusukaputi, Mwambie Daktari



Kuna ndugu yetu mmoja, ana miaka miwili hajagusa unga. Wiki ijayo anafanyiwa operesheni ya ngiri. Jana akaniambia, "Kaka, dawa za maumivu nitazikataa. Hata Yesu pale Golgota alikataa divai yenye manemane."

Sawa, Marko 15:23 inasema hivyo. Lakini Yesu hakumwagiza mgonjwa yeyote auguze kidonda bila dawa. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia wazi madaktari wa usingizi kwamba Mkristo halazimiki kukataa kutulizwa maumivu. Tena kwa aliyewahi kutumia, maumivu yasiyotibiwa nayo ni mtego. Usiku wa tatu usingizi hauji, na namba ya yule jamaa bado iko kichwani.

Hofu yake ina msingi. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China, daktari mwenyewe, alianza kutumia kasumba kama dawa ya tumbo. Ikamshika. Alikaa miaka 30 bila Komunyo, lakini kusali hakuacha, na mwaka 1900 akafa shahidi.

Tulipoongea zaidi, nikagundua kitu kingine: daktari hajui. Siku ya kuandikishwa mama alikaa pembeni, basi kila swali akajibu "hapana". Aibu tu, si unajua.

Mtaalamu wa usingizi akijua, ana njia. Anaweza kuchoma ganzi ya mgongoni badala ya nusukaputi, aanze na parasetamoli, na dawa kali ikilazimu aandike ya siku chache tu, ikashikwe na mtu mwingine nyumbani. Anayekunywa methadoni asiiache kimyakimya kwa sababu ya operesheni, aseme. Na hili lisikieni vizuri: mwili uliokaa muda bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Kurudia mara moja tu kunaweza kuua.

Tumekubaliana Jumatatu tunarudi hospitali, mama abaki nyumbani. Atasema mwenyewe, mimi nitakaa naye tu. Vidonge vitakuwa kwangu, kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Mwekeni kwenye rozari zenu wiki hii. Mtakatifu Marko Ji, utuombee.