MIKUNJO YA USO: NI AIBU YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).



Mama mmoja wa hapa Lwiro alituuliza baada ya darsa: mtoto wake aliye Ulaya ameahidi kumlipia matibabu ya kuondoa mikunjo ya uso kwa mwanga wa leza. Je, ni halali?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Hapa hakuna kisu. Mwanga huo huingia katika ngozi na kuipasha joto; mwili unapojiponya hutengeneza nyuzi mpya, na ngozi hukaza kiasi. Uzee hauondoki, unapungua kuonekana kwa muda tu. Tena ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi zaidi, hivyo mikononi mwa asiye mjuzi inaweza kuungua na kubaki na madoa.

Ama sheria, Surat an-Nisaa aya ya 119 inatuonya juu ya shetani anayewaamrisha watu kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Lakini sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuweka pua ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na Abu Quhafa, baba yake Abubakar, alipoletwa siku ya kufunguliwa Makka akiwa na mvi nyeupe kabisa, Mtume aliamuru zibadilishwe rangi, ila zisitiwe nyeusi. Kwa hiyo kutengeneza kilichoharibika, kama kovu la moto, ni tiba. Kujipamba nako kuna nafasi yake. Kuhusu mikunjo ya umri maulamaa wamehitilafiana: wengine wanakataza, wengine wanaruhusu pasipo madhara wala udanganyifu.

Baada ya kumweleza hayo, nasi tulimuuliza: "Mama, nani alikuambia uso wako ni mbaya?" Akanyamaza. Kisha akasema: "Ni mume wangu, Ustadhi. Ananiita kizee mbele ya watoto."

Ndugu zangu wanaume, hapo ndipo penye haramu isiyo na hitilafu. Surat al-Hujurat aya ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Paji lile lina alama ya kamba ya mizigo aliyobeba mgongoni miaka mingi, mihogo na kuni, ili wewe na watoto mle. Jua la milima yetu limelikunja akiwa shambani mwako. Paji hilohilo husujudu usiku ukiwa umelala. Unacheka deni lako mwenyewe!

Kabla ya kuuliza hukumu ya leza, tuulize hukumu ya ndimi zetu. Anayemcheka mkewe leo aende nyumbani amwombe msamaha, mbele ya watoto walewale waliosikia. Mama naye, akiheshimiwa, ataamua kwa moyo uliotulia kama fedha ile iende usoni au kwenye karo ya wajukuu.

Ewe Mola wetu, tupe uzee wenye heshima, na utujaalie kuwaheshimu waliozeeka kwa ajili yetu. Amin.